Usiitupe risiva yako kuukuu

Muuzaji akikwambia risiva yako ya zamani haifai kwa televisheni mpya, itazame kwanza. Ina alama ya Dolby Digital usoni? Ina tundu la waya wa optiko, ule wenye mwanga mwekundu? Basi bado inafaa.

Ni kweli haiijui Dolby Atmos, iliyoanza kuingia majumbani 2014. Lakini televisheni nyingi huweza kuigeuza sauti hiyo iwe Dolby Digital ya kawaida, ya spika tano na wufa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uichague. Ukiacha PCM, waya huo utapitisha njia mbili tu, na spika za nyuma huenda zikanyamaza kama wageni waliokosa biriani. Utakachokosa ni sauti za juu darini, nami sioni kwamba zastahili bei ya risiva mpya.