Nyumba Njema Si Mlango

Mwaka jana, katika mkutano wa wazazi wa shule ya umma ninakofundisha, mzee mmoja alisimama akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu," alisema kwa upole, "tangu asubuhi umetusihi tuwe na imani na shule hii. Je, wanao wanasoma shule ya aina gani?" Ukumbi mzima ukanyamaza. Nilijibu kijuujuu, nikageukia suala la chakula cha mchana. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, kwa maana wakati huo nilikuwa mbioni kununua nyumba, na shule ndiyo iliyokuwa ikiniumiza kichwa.

Mimi na mama watoto tulikuwa tumebakiwa na nyumba mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ya ghorofa, vyumba viwili vya kulala, mtaani South B jijini Nairobi, bei yake shilingi milioni 8. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka shule ya umma yenye sifa, ambako watoto wetu wawili walikuwa tayari wakisoma. Ya pili ilikuwa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Hiyo ilikuwa na vyumba vitatu na kiwanja kidogo cha kupanda sukuma wiki, na bei yake ilikuwa milioni 6. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani 320,000 kwa nyumba ya kwanza na 240,000 kwa ya pili. Kwa macho ya fedha, Kitengela ilishinda.

Dalali alitushauri tununue ya Kitengela na kuwaacha watoto katika shule yao ya jijini. "Wazazi wengi hufanya hivyo," alisema. Ni kweli, wengi hufanya hivyo. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Nauli ya gari la shule kwa watoto wawili ilikuwa 12,000 kwa mwezi. Kwa miezi tisa ya masomo, hiyo ni 108,000 kwa mwaka. Mtoto anayeanza Gredi ya 1 na kumaliza Gredi ya 9 husoma miaka tisa, na kwa muda huo nauli ya wawili hufika 972,000. Karibu nusu ya ile tofauti ya milioni 2 imekwisha kuliwa na barabara.

Hata hivyo, fedha si hesabu yote. Msongamano wa magari katika Barabara ya Mombasa unajulikana. Mtoto angeamka saa kumi na nusu alfajiri, na kila siku angekaa garini saa mbili na nusu, kwenda na kurudi. Kwa siku 180 za masomo, hizo ni saa 450 kwa mwaka. Kwa miaka tisa ni saa 4,050, yaani zaidi ya miezi mitano na nusu ya mchana na usiku bila kukatika, mtoto akisinzia kwenye kiti. Sisi walimu tunawajua watoto hao. Ndio wanaolala katika kipindi cha kwanza, nasi tukawaita wavivu.

Masaibu haya hayako kwetu pekee. Nchini Uingereza, shule ya umma ikipata maombi mengi kuliko nafasi, mara nyingi watoto wanaoishi karibu hupewa kipaumbele. Kwa hiyo wazazi hung'ang'ania nyumba zilizo katika eneo linalohudumiwa na shule inayosifika. Mnamo 2008 baraza la mji wa Poole lilituma watu kuifuatilia kwa siri familia moja ili kuhakikisha kama kweli iliishi ilikodai kuishi. Mwaka 2010 baraza maalum la sheria liliamua kwamba upelelezi huo haukuwa halali. Huko Marekani, mwanauchumi Sandra Black alilinganisha nyumba zilizotenganishwa na mpaka wa shule tu katika vitongoji vya Boston. Katika utafiti alioutoa mwaka 1999, alionyesha kuwa alama za mtihani za shule zikipanda kwa asilimia 5, wazazi hukubali kulipa takriban asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Mzazi hudhani amenunua kuta na paa, kumbe amenunua dawati pia.

Nairobi nayo iliwahi kuwa na mipaka yake. Enzi za ukoloni, Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na mitaa yake, na shule zilitengwa vivyo hivyo. Uhuru ulifuta mipaka ya rangi ya ngozi, lakini bei ya ardhi ikachora mingine. Tena tangu 2023, Gredi za 7 hadi 9 zimewekwa katika shule za msingi. Shule ya mtaa unaouchagua leo inaweza kumshika mtoto wako hadi mwisho wa Gredi ya 9, kabla hajaingia shule ya sekondari ya juu.

Basi nini huifanya shule kuwa nzuri? Wazazi wengi bado wanataja alama za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wengine humtaja mwalimu mkuu fulani. Lakini tume ya walimu, TSC, humhamisha mwalimu mkuu wakati wowote, na mimi mwenyewe nimehamishwa mara mbili. Anayenunua nyumba kwa sababu ya mwalimu mkuu ananunua kitu ambacho hakimo katika hatimiliki. Mwalimu huhama, ila umbali haumhami mtoto.

Siku moja nilienda Kitengela peke yangu, nikatembea kutoka ile nyumba hadi shule ya umma iliyo karibu. Nilitumia dakika kumi na tano. Nilikuta darasa moja lenye wanafunzi 68. Maabara haikuwapo, na sayansi ilifundishwa kwa vifaa vilivyobebwa ndani ya ndoo. Nilimkuta pia mwalimu kijana akisahihisha madaftari wakati wa mapumziko, akimwita kila mtoto kwa jina lake. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama watoto kwamba shule ile haitufai.

Alinitazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "hiyo uliyoieleza si shule yako unayofundisha?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nikikimbia shule ya aina ile ile ninayowaomba wazazi wengine waiamini, darasa la aina ile ile ninaloingia kila asubuhi nikiapa kwamba mtoto yeyote anaweza kufaulu humo.

Tulinunua nyumba ya Kitengela, na watoto tukawahamishia shule ile ya karibu. Safari niliyokataa wabebe wao ninaibeba mimi. Ndimi ninayeamka saa kumi na nusu kwenda kazini jijini. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba hatukupoteza kitu. Kifungua mimba wetu aliwalilia rafiki zake muhula mzima, na lile darasa bado limejaa. Lakini saa kumi jioni watoto wako nyumbani, wanacheza, wanasoma, wanalala mapema. Nami huhudhuria mikutano ya wazazi pale, na hoja yangu ya kwanza ilikuwa maabara.

Kwa wazazi wenzangu wanaotafuta nyumba, Waswahili walisema nyumba njema si mlango. Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, itembeeni njia ya kwenda shuleni saa ile ile mtoto atakayoipita. Jumlisheni nauli ya miaka tisa kwenye bei. Ingieni darasani, msikilize mwalimu anavyosema na watoto. Wanaoweza kulipa South B na wakaona inawafaa, hawana kosa, kwani nao wamenunua ukaribu. Kosa ni kununua paa kubwa kwa usingizi wa mtoto.

Kwa walimu wenzangu nina neno gumu zaidi. Sisi tunaojua shule inavyopaswa kuendeshwa tukizikimbia shule za mitaa yetu, ni nani atakayebaki kuzidai maabara na walimu wa kutosha?

Muhula huu yule mzee alikuja tena mkutanoni. Safari hii nilimtangulia. "Mzee wangu," nilimwambia, "wanangu wanasoma shule kama hii." Alitikisa kichwa kukubali, kisha akauliza ni lini madarasa ya shule yetu yatapunguzwa msongamano. Swali hilo nalo ni la haki, na bado ninatafuta jibu lake.