Ukikosa Kazini, Nani Atakutafuta?

Zoezi lenyewe lilikuwa hili: nyoa nywele, oga, vaa shati safi, kisha ingia benki uulize namna ya kufungua akaunti. Basi. Kwa mwenye mshahara hilo ni jambo la kufanya saa ya chakula cha mchana. Kwa kijana wa Monrovia aliyekuwa akiishi kwa kupora watu na kuuza dawa za kulevya, aliyezoea kufurushwa na askari wa mlangoni kabla hajafungua mdomo, ulikuwa mtihani. Wapo waliofurushwa kweli. Walirudi kwenye kikao, wakakaa na wenzao wapatao ishirini, wakasimulia yaliyowapata, kisha wakatumwa kujaribu tena kwingine: duka la simu, supamaketi, nyumbani kwa ndugu waliokwisha kuwakataa.

Mpango wa vikao hivyo ulibuniwa na Mliberia, Johnson Borh, na wenzake wa shirika dogo liitwalo NEPI. Vita vya Liberia viliisha 2003, lakini jiji lilibaki na maelfu ya vijana ambao ujana wao wote ulikuwa vita. Vikao vilikuwa mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Siku zisizo na kikao, wawezeshaji waliwafuata vijana huko huko walikolala. Na wawezeshaji wenyewe hawakutoka chuo kikuu. Baadhi yao walikuwa wamepitia mafunzo hayo hayo.

Mchumi Christopher Blattman, akiwa na Julian Jamison na Margaret Sheridan, aliamua kupima kama jambo hili linafanya kazi au ni maneno matamu tu. Wakapatikana wanaume 999, wakapigiwa kura. Kundi moja likapata vikao peke yake. La pili likapewa dola 200 taslimu, bila masharti. La tatu likapata vikao kwanza, pesa baadaye. La nne halikupata kitu. Matokeo ya mwaka mmoja yalichapishwa 2017: waliopata pesa tupu walirudi walikokuwa, waliopata vikao vitupu walianza vizuri kisha wakalegea, waliopata vyote viwili ndio walioacha wizi na ugomvi kwa kiasi cha kuonekana.

Pesa zile hazikuwatajirisha. Wengi walinunua nguo na chakula, wakalipa pango, wakaanza biashara ndogo ambayo nayo iliporwa au ikafa. Walichonunua, kwa maelezo ya watafiti, ni muda. Ni miezi michache ya kuishi kama mtu mwingine, bila kulazimika kuiba ili kula, mpaka yule mtu mwingine akawazoea nao wakamzoea.

Nimeanza na Monrovia kwa sababu sisi huku Kenya tuna msemo mmoja ambao hakuna mwanasiasa asiyeujua: mpe kijana kazi, ataweka panga chini. Ni msemo mtamu. Unaingia vizuri kwenye hotuba, na unaingia vizuri zaidi kwenye bajeti, kwa sababu siku za kibarua huhesabika. Nina shaka nao.

Chukua kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2008, eneo likiwa bado linajitoa kwenye vita vya Joseph Kony, serikali ya Uganda iliwapa vijana waliojiunga katika vikundi ruzuku ya karibu dola 400 kwa kila mmoja, wajifunze ufundi na kununua vifaa: cherehani, randa, mashine ya kuchomelea. Hakuna aliyekuja nyuma yao na daftari kukagua risiti. Baada ya miaka minne, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao walioomba wakakosa. Kwa mradi wa serikali, hayo ni mafanikio makubwa. (Baada ya miaka tisa wale waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa waliopata ruzuku walibaki na ufundi na mali zaidi.) Lakini watafiti walipouliza kuhusu hasira, ugomvi na ushiriki katika vurugu, hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Ni kweli kwamba vijana wengi wa mpango ule hawakuwa wagomvi tangu mwanzo. Hata hivyo somo linabaki: cherehani inashona nguo, kazi ya kutuliza moyo si yake.

Sasa tuvuke bahari, maana hadithi ya Monrovia ilivuka pia.

Chicago, jiji la Marekani linalotajwa kila wizi wa kutumia silaha na mauaji yanapozungumzwa, lilikuwa na deni kwa Afrika hata kabla ya hapo. Daktari Gary Slutkin alifanya kazi katika kambi za wakimbizi Somalia miaka ya 1980, akipambana na kifua kikuu na kipindupindu, kisha akawa mmoja wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliosaidia nchi kama Uganda wakati wa UKIMWI. Aliporudi kwao aliona mauaji ya risasi yanaenea kama kipindupindu: mtu mmoja anapigwa, ndugu zake wanalipiza, kulipiza kunazaa kulipiza. Na kambini alikuwa amejifunza kwamba anayesikilizwa ni mtu wa hapo hapo, mwenye koti jeupe husikilizwa baadaye. Mwaka 2000, katika mtaa wa West Garfield Park, mradi wake wa CeaseFire ulianza. Baadaye ukaajiri watu waliokuwa magengeni zamani, wengine waliotoka jela, ili wawahi maiti ikiwa bado haijazikwa, wakae na jamaa wenye hasira, wawaweke chini. Filamu ya 2011, The Interrupters, inawaonyesha wakiwa kazini.

Mshahara wao ulitegemea zaidi bajeti ya jimbo la Illinois. Machi 2015 jimbo lilisimamisha fedha za mradi huo, na wengi wa watu hao wakarudishwa nyumbani. Mwaka huo Chicago ilikuwa na mauaji chini ya 500. Mwaka uliofuata yalivuka 750. Hakuna mtafiti makini atakayesema moja ndilo lililoleta jingine. Polisi nao walikuwa wamebadilisha utendaji, na mengine mengi yalitokea. Ila jambo moja liko wazi: jiji lilipowahitaji zaidi watu wale, wengi wao hawakuwepo.

Chicago hiyo hiyo ndiyo ilifanya jaribio jingine ambalo ningependa kila mbunge wetu alisome. Majira ya joto ya 2012, wanafunzi 1,634 kutoka shule 13 za mitaa yenye fujo waliingizwa kwenye kura. Waliobahatika walipata kazi ya wiki nane kwa ujira wa kima cha chini, saa 25 kwa wiki, pamoja na mtu mzima wa kuwasimamia, mmoja kwa vijana wapatao kumi: kuwafundisha kuamka, kupanda basi, kunyamaza bosi anapokosea. Mtafiti Sara Heller aliwafuatilia kwa miezi 16. Kukamatwa kwao kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua kwa asilimia 43. Na kinachoshangaza ni wakati. Sehemu kubwa ya tofauti ilijitokeza baada ya kazi kwisha, wakati hakuna tena ujira wala saa za kuwashughulisha. Kwa hiyo haikuwa suala la kijana kukosa nafasi ya kufanya fujo kwa sababu yuko kazini. Kitu fulani kilibaki naye.

Lakini hao walikuwa wanafunzi. Vipi wale walioshaiva?

Mwaka 2017 ulianza mpango uitwao READI, ambao sehemu ya wazo lake ilichotwa Monrovia. Blattman alikuwa miongoni mwa watafiti wake. Eddie Bocanegra, mmoja wa wapatanishi wanaoonekana katika ile filamu, ndiye aliyeuongoza. Walengwa walikuwa wanaume ambao kila mtu alikuwa amekwisha kuwakatia tamaa. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amekamatwa mara 17, na takriban theluthi moja walikuwa wameshapigwa risasi. Walipewa kazi ya miezi 18, pamoja na vikao vya kubadili fikra na mwenendo, navyo wakilipwa kuhudhuria. Wengi walitabiri hawatakuja. Zaidi ya nusu walikuja.

Wanaume 2,456 walipigiwa kura, na matokeo, ukiyasoma kwa unyofu, yana pande mbili. Kwa kipimo kikuu walichokuwa wamejipangia, watafiti hawakupata badiliko la kutegemewa. Walipotazama risasi na mauaji peke yake, waliokamatwa kwa makosa hayo walipungua sana. Kisha likaja jambo lililonifanya nisome ukurasa mara mbili. Washiriki walichaguliwa kwa njia tatu: baadhi na programu ya kompyuta iliyochambua rekodi za polisi, baadhi kutoka jela, na baadhi wakatajwa na wafanyakazi wa mtaani wanaowajua kwa majina na kwa mama zao. Kompyuta ilikuwa hodari wa kutabiri nani atapigwa risasi. Lakini waliobadilika zaidi ni wale waliotajwa na watu wa mtaani: kukamatwa kwao kwa risasi na mauaji kulishuka kwa asilimia 79. Mtu wa mtaani aliona kitu ambacho rekodi haina. Alijua nani amechoka.

Gharama ilikuwa takriban dola 52,000 kwa kila mwanaume. Ukiitaja hesabu hiyo baraza lolote, watu wataguna. Ila jela nayo haiji bure, na risasi moja inayomwacha mtu kwenye kiti cha magurudumu ina bili yake ya miaka arobaini. Watafiti walikadiria kwamba faida inaizidi gharama mara kadhaa.

Serikali ya Marekani ikashawishika, kwa muda. Mwaka 2021 fedha za kujinasua na korona ziliruhusiwa kutumika kwa kazi hii. Mwaka 2022 bunge likatenga dola milioni 250 kwa miaka mitano. Fedha za korona zilikuwa na tarehe ya kwisha, kama dawa dukani: zipangiwe matumizi kabla ya 2024 kwisha, ziwe zimetumika kabla ya 2026 kwisha. Halafu Aprili 2025 Wizara ya Sheria ikafuta ruzuku zaidi ya 360 za usalama wa jamii, zenye thamani ya awali ya dola milioni 800 na ushei. Mashirika mengi yalipata habari kwa barua pepe. Kijana aliyekuwa ameanza kumzoea msimamizi wake hakuandikiwa barua yoyote. Alikuta mlango umefungwa.

Mwaka huo huo mkono huo huo ulifunga USAID, shirika la misaada la Marekani, na mlio ukasikika Pwani ya Kenya. Kwale ilikuwa imezindua mpango wake wa kaunti wa kuzuia itikadi kali mwaka 2017, na Mombasa haikukawia kuufuata. Mipango ilikuwa mizuri: wazee, maimamu, wachungaji, akina mama, wote meza moja. Lakini posho ya wanaozunguka mitaani, sehemu kubwa ilitoka kwa wafadhili. Tulikuwa tumemkodisha mgeni kazi ya kukaa na watoto wetu.

Kwa upande wa serikali yetu, rungu ndilo lililotangulia. Desemba 2016 Wizara ya Usalama ilipiga marufuku makundi yapatayo 90 ya vijana nchini, ya Mombasa yakiwemo. Kisauni na Likoni wanajua kilichofuata: kila baada ya miezi kadhaa, kundi la watoto, wengine wa umri wa kuvaa sare, linatoka uchochoroni na mapanga, polisi wanafanya msako, watu wanakimbizwa hospitali, wiki mbili kimya. Jina la kundi linabadilika. Maskani inabaki pale pale.

Kisha ikaja Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana. Awamu ya pili, Julai 2020, ilitengewa shilingi bilioni 10 na kuchukua vijana zaidi ya 270,000. Shilingi 455 kwa siku, kwa zamu: kuzibua mitaro, kufyeka, kuzoa taka. Sitaki kuidharau. Mwaka ule wa korona, 455 ilikuwa unga na mafuta, na mitaro ilizibuka kweli. Wala haikubuniwa kama tiba ya fujo, ingawa viongozi hawakuchoka kutuambia inawatoa vijana kwenye uhalifu. Ninachouliza ni kile kilichokosekana kwenye bajeti yake. Kulikuwa na fungu la reki, la glavu, la nyapara. Kijana aliyekosa kuja aliweza kukatwa jina na mwingine akaingia, maana foleni ilikuwa ndefu. Monrovia na Chicago, kijana akikosa kuja, hapo ndipo kazi ya mtu fulani ilipoanza: kwenda kumgongea.

Mtu huyo ni vigumu kumwandikia fungu. Huwezi kupiga picha ya fujo ambayo haikutokea, wala kukata utepe mbele yake. Mwenye kulea kijana wa namna hii anahitaji muda unaovuka mwaka mmoja. Bajeti yetu inakufa kila tarehe 30 Juni.

Wale wanaume 999 wa Monrovia walitafutwa tena baada ya miaka kumi. Kati yao 103 walikuwa wamefariki. Waliobaki hai walikuwa wametawanyika, wengine hawana anwani, wengine wamebadili simu mara nyingi, lakini watafiti walihangaika mpaka wakawapata 833. Waliopata vikao na pesa bado walikuwa wakifanya uhalifu na ugomvi karibu nusu tu ya waliokosa vyote.

Vijana wa Kazi Mtaani walilipwa kwa simu. Namba zao, zaidi ya laki mbili na nusu, zimo katika kumbukumbu za malipo. Sijasikia aliyezipiga.