Usiipulize Ngozi ya Njugu

Kwenye njia ya kushukia feri ya Likoni, njugu karanga huuzwa ndani ya vikaratasi vilivyosokotwa, zikiwa bado na ngozi yake nyekundu. Mnunuzi humimina chache kiganjani, huzisugua kwa viganja viwili, kisha hupuliza. Ngozi hupeperuka, zikabaki punje nyeupe. Ngozi hiyo haizidi sana asilimia 3 ya uzito wa punje, lakini ndimo mmea ulimoweka sehemu kubwa ya polifenoli zake, yaani kemikali unazotumia kujikinga na ukungu, wadudu na hewa inayoharibu mafuta. Hoja yangu ni kwamba tukizungumzia njugu, korosho na ufuta, lawama zote tunaubebesha moto, hali hasara kubwa hutokea mara nyingi pale tunapomenya.

Sehemu ya kosa hili inatokana na jinsi tunavyopima. Kipimo rahisi cha polifenoli maabarani ni dawa ya Folin-Ciocalteu: ni ya manjano, nayo hugeuka buluu ikikutana na kiambata inachokitafuta. Ilitengenezwa mwaka 1927 kwa kazi ya protini, na mwaka 1965 Singleton na Rossi wakairekebisha ili kupimia mvinyo. Udhaifu wake ni kwamba haichagui. Hugeuka buluu pia kwa vitamini C, kwa baadhi ya sukari, na kwa vile viambata vya rangi ya kahawia vinavyozaliwa sukari na protini zinapokutana motoni, ambavyo ni ndugu wa vile vinavyoipa njugu ya kukaanga harufu yake. Basi njugu iliyokaangwa inaweza kuonekana imeongezewa polifenoli, kumbe kilichoongezeka ni kingine. Tena njugu ikikaangwa hupoteza maji, kwa hiyo gramu moja ya iliyokaangwa ina punje nyingi kuliko gramu moja ya mbichi. Anayetaka ukweli atapiga hesabu kwa uzito mkavu, kisha atatumia kromatografia kutenganisha kila kiambata na kukipima peke yake. Idara ya Kilimo ya Marekani yenyewe iliondoa mwaka 2012 jedwali lake maarufu la kupima kwa jumla nguvu za kinga za viambata vya namna hii, kwa kuwa namba zake zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuzia vyakula.

Vikitenganishwa hivyo, kila kiambata huonekana kina kisa chake na moto. Vitamini E ya njugu hupungua kadiri ukaangaji unavyozidi, na huendelea kupungua njugu zikiwekwa juani na kwenye hewa. Kwa ufuta mambo hugeuka: sesamolini iliyomo ndani yake ikipata moto huvunjika na kutoa sesamoli, kinga madhubuti ya mafuta, na hiyo ni sababu moja ya mafuta ya ufuta uliokaangwa kukaa muda mrefu bila kuharibika. Njugu zilizochemshwa na maganda yake nazo zina faida ambayo wengi hawaijui, kwa kuwa maji ya moto huchukua baadhi ya viambata kutoka kwenye ganda na ngozi na kuvipeleka ndani ya punje. Kwa hiyo swali la kama moto ni mzuri au mbaya halina jibu moja.

Kumenya ndiko kwenye hasara iliyo wazi, na korosho za Kilifi na Kwale zinaionyesha vizuri. Ganda lake gumu lina utomvu unaobabua ngozi ya mtu, hivyo joto ni lazima ili libanguliwe salama. Lakini chini ya ganda hilo mna utando mwembamba wa kahawia, wenye polifenoli za katekini na epikatekini kwa wingi, nao hutolewa kwa sababu soko linataka weupe. Daraja la W320 linalotajwa na wafanyabiashara ni la korosho nyeupe nzima, takriban 320 kwa ratili moja. Bei imefuata rangi, na utando umekuwa taka.

Atakayepinga atasema ngozi ni kakasi, na kwamba tanini zake huzuia mwili kupata madini ya chuma. Ni kweli, kama ilivyo kwa chai. Dawa yake ni kula njugu mbali na wakati wa mlo, hasa kwa mjamzito na mtoto. Pingamizi zito zaidi ni la ukungu. Aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki yote kwa kukaangwa wala kuchemshwa kwa kawaida, na unyevu wa Pwani huupa ukungu nafasi. Viwandani, kumenya husaidia kuziona punje zilizobadilika rangi ili zitolewe, na hapo nakubali kwamba usalama utangulie. Hata hivyo, kupuliza ngozi kiganjani hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje. Kinachookoa ni kukausha vizuri, kuhifadhi pakavu na kuchagua kabla ya kukaanga. Sheria ya Kenya imeweka kikomo cha mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na jicho peke yake haliwezi kuipima.

Nunua njugu zilizokaangwa karibuni kwa moto wa wastani, ule na ngozi yake. Punje iliyosinyaa, yenye weusi au uchungu usio wa kawaida, itupe nzima. Usiimenye ukadhani umeisafisha.