Kumtegemea Mungu hakumwondolei mzazi kazi ya kuamua

Kihonda, katika Manispaa ya Morogoro, maamuzi ya familia hayangoji. Mji umepanuka upande huu wa barabara ya Dodoma, na tangu safari za treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilipoanza Juni 2024, Dar imekuwa karibu zaidi. Kuanzia Maghorofani hadi Bima, wazazi wanapima mambo yaleyale: kiwanja kinunuliwe sasa au ada imaliziwe kwanza, mtoto aende bweni au asome kutwa, mkopo uchukuliwe au biashara isubiri.

Kwa familia ya Kikristo, swali jingine hufuata: Mungu anataka tufanye nini?

Swali hilo ni jema, lakini namna ya kulijibu ndiyo inayojenga nyumba au kuibomoa. Wapo wazazi wanaosubiri ishara hadi nafasi inapita. Wapo wanaoamua kwanza, halafu wanamwomba Mungu abariki walichokwisha kuamua. Wapo pia wanaomkabidhi mtu mwingine kazi ya kumsikia Mungu kwa niaba yao.

Somo la kikombe cha Loliondo

Watanzania wanakumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti. Kikombe kimoja kilitolewa kwa Sh500 kijijini Samunge, wilayani Ngorongoro. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Baadhi ya wagonjwa waliondolewa hospitalini ili wapelekwe huko, wengine wakafia njiani au kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya VVU wakiamini wamepona.

Waliokwenda hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wazazi waliochoka kuuguza, wenye imani ya kweli. Kilichokosekana ni kupima: ndoto ya mtu mmoja ilifanywa kuwa uamuzi wa maelfu ya familia.

Homa ya mtoto usiku wa manane ni mfano mdogo wa jambo hilohilo. Mzazi anaweza kuomba huku bodaboda ikielekea hospitalini. Kupima malaria si kumtilia Mungu shaka, na dozi iliyoandikwa na daktari imalizwe hata kama mtoto ameombewa na homa imeshuka.

Nehemia alikagua kwanza

Biblia yenyewe haimwoneshi mtu wa imani akiwa amekaa tu. Nehemia aliomba na kufunga kwa ajili ya Yerusalemu. Kisha alimwomba mfalme barua za kupita njiani na mbao za ujenzi. Alipofika, alizunguka usiku na watu wachache kukagua kuta zilizobomoka kabla hajawaambia wakubwa wa mji mpango wake. Maombi yake na ukaguzi wake vilikwenda pamoja.

Mzazi anayetafuta kiwanja Kihonda ana kazi ya namna hiyo. Baada ya kuomba, aende akione kiwanja chenyewe, si picha ya dalali kwenye simu. Awaulize majirani maji yanapita wapi wakati wa masika, kwa sababu kiwanja cha bei nafuu wakati wa kiangazi kinaweza kuwa mkondo wa maji mvua zikija. Afike ofisi ya serikali ya mtaa, kisha idara ya ardhi ya manispaa, ajue kama eneo limepimwa na ni la nani. Kama linalouzwa ni nyumba ya familia, amwone mwenza wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Dalali akisema kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu, haraka hiyo isichukuliwe kuwa sauti ya Mungu. Kiwanja halali kitastahimili siku tatu za kuuliza.

Mkopo nao ni hivyohivyo. Katika Luka sura ya 14, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza na kupiga hesabu. Kabla ya kusaini mkopo wa kausha damu, mama au baba aandike kwenye karatasi rejesho la kila wiki, faida ya biashara kwa wiki mbaya, na chakula cha nyumbani. Ikiwa hesabu haikubali, hilo nalo ni jibu. Mara nyingi faraja ya kuona fedha mkononi hudhaniwa kuwa amani ya moyoni.

"Mungu ameniambia"

Katika ndoa nyingi, maneno haya hufunga mjadala. Mke au mume atajibu nini? Akikataa, ataonekana anampinga Mungu. Ni salama zaidi kusema: "Nimeliombea, naona hivi, wewe unaonaje?"

Wazee wa milima ya Uluguru walilielewa jambo hili kwa njia yao. Kwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, mambo ya ardhi na ndoa yalihitaji kauli ya mjomba na ukoo, hayakukatwa na mtu mmoja. Mitume nao, katika Matendo sura ya 15, walijadiliana sana kabla ya kuandika kwamba uamuzi wao ulikuwa umemridhia Roho Mtakatifu na wao pia. Mwenza, mzee wa kanisa, mama wa jumuiya aliyelea watoto na kuona mengi: hawa wote ni njia ambazo Mungu huzitumia.

Mtoto naye asikilizwe. Anayeogopa bweni huenda ana sababu ambayo mzazi hajaijua. Zaidi ya hapo, watoto wanatazama. Wakiona wazazi wanaomba, wanauliza, wanakubaliana, nao watajifunza kuamua hivyo siku wakiwa peke yao mjini.

Mambo yakienda kombo

Hata uamuzi uliopimwa vizuri unaweza kuleta hasara. Hapo familia nyingi huanza kulaumiana: nani hakuomba vya kutosha? Katika Matendo sura ya 16, Paulo alizuiwa njia mbili kabla ya kuitwa Makedonia. Alitii, akavuka bahari, na huko Filipi akapigwa na kutiwa gerezani. Shida hiyo haikuonesha kwamba alikosea njia.

Kwa hiyo mzazi aliyepoteza mtaji, au aliyempeleka mtoto shule isiyomfaa, anaweza kukaa tena na mwenzake, kuomba, kupiga hesabu upya na kubadili mpango. Kumhamisha mtoto katikati ya mwaka hakupendezi na kuna gharama zake, lakini ni bora kuliko kumwacha aumie kwa sababu tu wazazi waliwahi kutangaza kwamba shule ile ilichaguliwa na Mungu.