Dawa ya Asili ya Bustani: Kibandiko Kinasema Nini?



Kiangazi kikishakaza na pamba ikishauzwa, familia nyingi za Bariadi, Itilima na Busega huhamia kwenye bustani. Nyanya, mchicha, kabichi na vitunguu hulimwa kando ya malambo, mabondeni, na kule Lamadi karibu na ziwa. Wadudu nao huhamia huko huko. Ndipo mnadani tunapomkuta mchuuzi mwenye kipaza sauti, chupa zake zimepangwa juu ya turubai: dawa ya mwarobaini, dawa ya utupa, dawa ya pilipili na kitunguu saumu. Maneno yake tunayajua kwa moyo: ni ya asili, haina kemikali, salama kwa mama na mtoto.

Mwezi huu tungependa kuyatazama maneno hayo yenyewe. Hatuna ugomvi na mwarobaini, ambao wengi wetu tunao uani. Lakini maneno ya mchuuzi hufanya kazi mbili kwa pamoja. Yanaiuza chupa, na pia ndiyo yanayoamua ni ofisi gani ya serikali inayopaswa kuikagua chupa hiyo.

Wengi hudhani sheria huangalia kwanza kilichomo ndani, kwamba kikitoka kiwandani kinakaguliwa na kikitoka mtini kinaachwa. Sivyo. Kanuni za kimataifa za FAO na Shirika la Afya Duniani kuhusu viuatilifu husema kiuatilifu ni kitu chochote, kiwe cha kemikali au cha viumbe hai, kilichokusudiwa kufukuza, kuua au kudhibiti visumbufu. Neno kubwa hapo ni “kilichokusudiwa”. Na kusudi la muuzaji utalijuaje? Kwa anayoyasema na anayoyaandika.

Tuuchukue mwarobaini wenyewe. Jina lake tu ni tangazo, maana huitwa hivyo kwa kuaminiwa kwamba unatibu maradhi arobaini. Mtu akikamua mbegu zake na kuandika kwenye kibandiko “huua viwavi na vidukari”, amekwisha kutengeneza kiuatilifu, na hapaswi kukiuza kabla hakijasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Mamlaka hiyo iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ikachukua kazi ya taasisi ya Arusha ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la TPRI. Mafuta yale yale yakiandikwa “hulisha mmea na kuongeza mavuno”, sasa yameingia kwenye Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 na mamlaka yake, TFRA. Yakiandikwa “hutibu minyoo ya mbuzi”, ni dawa ya mifugo, na hiyo ni kazi ya TMDA. Yakidaiwa kutibu malaria kwa njia ya tiba asili, lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye sheria yake ya mwaka 2002. Mti ni mmoja na mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni maneno.

Hapo ndipo ujanja unapoingia. Kusajili kiuatilifu kunataka majaribio ya shambani, karatasi nyingi, ada na muda. Mtengenezaji mdogo akiona hivyo, huandika maneno ya kukwepa: “kiimarisha mmea”, “rafiki wa bustani”, “kinywaji cha mimea”. Kuua wadudu hakuandikwi popote, kunasemwa kwa mdomo tu pale mnadani. Tena Kiswahili chetu kinamsaidia, kwa sababu neno “dawa” tumelitandaza mno. Kidonge cha malaria ni dawa, sumu ya panya ni dawa, na ya kupulizia pamba ni dawa. Mama akisikia “dawa ya asili”, moyo wake unakwenda kwenye uponyaji.

Tunaelewa kwa nini neno “asili” linauzika mkoani kwetu. Nchi hii ya pamba imepulizia dawa kali kwa miaka mingi, na tabia mbaya ya kuchukua dawa ya pamba na kuipuliza kwenye mchicha bado ipo. Mzazi anayekimbia sumu hizo ana akili timamu. Shida ni kwamba anakimbilia neno ambalo peke yake halimhakikishii kitu.

Tumbaku ni ya asili, lakini nikotini yake hupenya ngozi. Anayekamua maji ya tumbaku kwa mikono mitupu anaweza kutapika, kutokwa jasho jingi na kulegea, na mtoto akiyanywa anaweza kupata degedege na kufa. Pareto ya Mbeya na Iringa ni ua la asili, na bado dawa yake husajiliwa kama kiuatilifu. Utupa tangu zamani umetumika kulevya samaki. Sumu yake, rotenoni, Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2008 kuiondoa katika orodha ya viuatilifu vinavyoruhusiwa, na mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliowahi kuitumia walikuwa na ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson zaidi kuliko wasioitumia. Na kuna la upande wa pili, ambalo ni hasara ya mfuko: mwaka 2012 watafiti waliochunguza utupa wa wakulima wa Malawi walitoa taarifa kwamba baadhi ya mimea hiyo haina kabisa ile sumu inayoua wadudu, ijapokuwa kwa macho hufanana. Kwa hiyo chupa mbili za “utupa” zaweza kuwa moja kali na nyingine maji ya majani tu. Asiyepima hajui anauza ipi.

Hata mwarobaini tunaoupenda. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wachanga 13 walionyweshwa mafuta ya mbegu zake kama tiba ya nyumbani. Walitapika, wakasinzia kwa uzito, wakapata degedege, na wengine walikufa. Kupuliza majani ya mwarobaini kwenye kabichi ni jambo moja, na kumnywesha mtoto mafuta yake ni jambo jingine kabisa.

Sisi tulio wodini tunaogopa zaidi maneno mawili: “haina sumu”. Mtu akiyaamini, chupa haendi kuificha stoo. Huiweka jikoni kando ya mafuta ya kula, au humimina iliyobaki kwenye chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hasomi kibandiko. Anajua soda tu.

Kwa sababu hiyo kanuni zile za FAO na Shirika la Afya Duniani zinataka matangazo ya viuatilifu yasiseme “salama”, “haina sumu” au “haina madhara” kwa kuacha maneno hayo yasimame peke yake. Marekani wamekaza zaidi: kwenye kibandiko cha kiuatilifu kilichosajiliwa, “salama” hairuhusiwi hata ukiongeza “ikitumiwa kama ilivyoelekezwa”. Lakini hao hao, mwaka 1996, walifungua mlango mdogo. Bidhaa zilizotengenezwa kwa vitu vilivyomo katika orodha maalumu, kama kitunguu saumu na mafuta ya karafuu, hazilazimiki kusajiliwa, kwa masharti: viungo vyote viandikwe, pasiwe na maneno ya kupotosha, na mtu asidai kwamba bidhaa hiyo inazuia wadudu waenezao magonjwa. Ukiandika “inakinga malaria”, msamaha umekwisha. Kwa maoni yetu huo ni mpango wa haki. Kikundi cha akina mama kinachosaga kitunguu saumu na pilipili hakistahili mzigo ule ule wa kampuni kubwa, mradi kisiongeze chumvi kwenye maneno yake.

Na hapa mkoani tunao mfano wa neno lenye mlinzi. Wilayani Meatu, tangu mwaka 1994, wapo wakulima wanaolima pamba ya kilimo hai chini ya mradi wa bioRe. Pamba yao haiitwi hai kwa sababu mtu ameamua kuiita hivyo. Wapo wakaguzi wanaofika shambani. Afrika Mashariki ina viwango vyake vya kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama ya “Kilimohai” kwenye bidhaa hutolewa kwa aliyekaguliwa. Neno “asili” halina mkaguzi wa namna hiyo.

Basi ukishika chupa, tafuta namba ya usajili, jina na mahali pa mtengenezaji, viungo, kipimo, tarehe ya kuisha, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Ukikosa hayo, mwulize bwana shamba kabla hujalipa. Chupa inayodai kuua wadudu, kulisha mmea na kutibu tumbo la mtoto kwa pamoja, iache pale pale kwenye turubai.

Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa au mafuta. Hayafuti sumu, na yanaweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, umlaze ubavu akisinzia, na umkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama ni tupu. Kama uliinunua kwa mchuuzi, tuambie alisema ni ya nini.

Wanaotengeneza ya kwao nyumbani kwa bustani yao, nasi tuna neno nao. Vaeni glavu, mfunike pua na mdomo. Sufuria ya kuchemshia utupa au tumbaku isirudi kupikia ugali. Tengenezeni kiasi cha siku hiyo tu, ili kisibaki cha kuwekwa kwenye chupa.