Kamusi Ndani ya Kamusi: Jinsi Programu Inavyokumbuka Vitufe Vyake

Programu ya simu ya kutuma pesa au kulipia umeme ina skrini nyingi kuliko mtumiaji anavyodhani. Kuna ya usajili, ya kutuma, ya salio, ya mipangilio. Kila moja imejaa vipande vidogo ambavyo watengenezaji wa programu huviita wijeti: kitufe cha kubonyeza, kisanduku cha kuandikia namba, kiboksi cha kuweka tiki, orodha ya kuchagulia mkoa. Kila wijeti lazima ipatikane mara moja inapohitajika. Mtu akikosea namba ya simu, kisanduku kilekile, si jirani yake, ndicho kinachopaswa kugeuka chekundu.

Anayeanza kujifunza huipa kila wijeti jina la peke yake: kitufe1, kitufe2, kitufe3. Kwa skrini moja hilo linatosha. Skrini zikifika kumi, majina yanagongana, na akitaka kusafisha visanduku vyote vya fomu ya usajili hana budi kuvitaja kimoja baada ya kingine, na atakachokisahau kitabaki na maandishi ya mteja aliyetangulia.

Njia iliyozoeleka ya kutoka hapo ni kamusi ndani ya kamusi. Katika lugha za programu, kamusi ni mkusanyiko wa jozi: ufunguo na thamani yake. Kamusi ya nje hubeba majina ya skrini, na thamani ya kila jina ni kamusi nyingine inayobeba wijeti za skrini hiyo. Ni kama kabati la masijala, ambapo droo moja ni ya idara moja na ndani yake yamo majalada yenye majina. Mtengenezaji anaandika skrini["usajili"]["simu"] na kisanduku anachokitaka kinakuja. Akiomba skrini["usajili"] peke yake anapata fomu nzima, anaipitia yote kwa mistari miwili ya msimbo.

Kasi ya kamusi ina historia. Mnamo Januari 1953, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliandika waraka wa ndani akipendekeza ufunguo ubadilishwe kwa hesabu kuwa namba, na namba hiyo ionyeshe mahali kitu kilipohifadhiwa. Kompyuta haina haja ya kupekua orodha tangu mwanzo. Kamusi za Python na HashMap ya Java bado zinatumia wazo hilo.

Ugumu wote uko kwenye kuandaa. Kamusi ya nje ikizaliwa, za ndani hazijazaliwa. Katika Python, anayeandika skrini = {} kisha akajaribu kuweka kisanduku kwenye skrini["usajili"]["simu"] atasimamishwa papo hapo kwa kosa la KeyError, kwa kuwa ufunguo "usajili" haupo. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ina tabia ya kutatanisha zaidi: kusoma kutoka kamusi ambayo haijaandaliwa kunaruhusiwa na kunarudisha thamani tupu, lakini kuandika ndani yake kunaiangusha programu.

C++ hufanya kinyume, na pengine hiyo ndiyo hatari kubwa. Mabano ya mraba ya std::map, kamusi ya lugha hiyo, huumba ufunguo usiokuwepo bila kusema neno. Mtu akiandika "sinu" badala ya "simu", kamusi inapokea, inaweka kielekezi kitupu, na programu inakuja kuanguka baadaye, mbali na mstari wenye kosa. Ndiyo maana kwa kusoma ni salama zaidi kutumia at(), ambayo hulalamika ufunguo usipopatikana.

Dawa zipo. Python ilileta defaultdict katika toleo la 2.5 la mwaka 2006, kamusi inayoumba ya ndani yenyewe inapoguswa mara ya kwanza. Java 8 ya mwaka 2014 ilileta computeIfAbsent kwa kazi hiyohiyo. Ila kuna njia ya mkato moja ya kuepukwa kabisa: dict.fromkeys(["usajili", "kutuma"], {}). Inaonekana kuandaa kamusi mbili za ndani, kumbe ni moja tu inayoshikwa na funguo mbili. Kisanduku kinachowekwa kwenye usajili kinajitokeza kwenye kutuma, na mtengenezaji anaweza kupoteza mchana mzima akitafuta kosa pasipo penyewe.

Mpangilio nao si jambo dogo, kwa sababu wijeti huonekana kwa macho. Python inahakikisha mpangilio wa uingizaji tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018. Lakini std::map hupanga kwa funguo, hivyo fomu inayochorwa kwa kuipitia itaanza na anwani, ifuate jina, kisha simu, hata kama aliyeiandika alianza na jina. Map.of ya Java 9 haiahidi mpangilio wowote. Visanduku vinaweza kubadilishana nafasi programu inapofunguliwa upya. Aliyezoea LinkedHashMap, inayotunza mpangilio wa uingizaji, anaepuka fedheha hiyo.

Tabaka mbili zinatosha. Ya tatu ikianza kunukia, au majina ya wijeti yakiwa yanajulikana yote tangu mwanzo, ni bora kuandika darasa lenye sehemu zilizotajwa kwa majina, maana hapo katika lugha kama Java au Dart jina lililokosewa hukamatwa kabla programu haijafika mkononi mwa mtu.

Na kilichoandaliwa kinahitaji pia kufungwa. Katika Flutter, mfumo wa kuundia programu za simu, kila kisanduku cha maandishi huendeshwa na TextEditingController, na chombo hicho kinatakiwa kuachiliwa kwa dispose() skrini inapoondoka, vinginevyo kinaweza kuendelea kushika kumbukumbu ya simu. Hapa kamusi ya ndani, ikiwa imebeba vyombo hivyo, inalipa gharama zake: mtengenezaji anapitia thamani zote za "usajili", anaita dispose() kwa kila moja, kisha anauondoa ufunguo.