Mstari Unaonyesha Namna Gani Tabia ya Mtu

Siku za jubile katika misioni moja ya Masisi mseminari mmoja alichora sura ya katekista mzee. Kwa heshima alimfanyia uso laini, bila mikunjo. Watu wakauliza: «Huyu ni nani?» Pua ilikuwa yake, macho yake, lakini mzee mwenyewe hakuwamo. Alikosa nini?

Tumwangalie fundi Rembrandt wa Uholanzi (1606-1669). Yeye alichora sura nyingi juu ya bamba la shaba. Kazi ni hii: bamba linapakwa nta, fundi anakwaruza nta kwa sindano, kisha bamba linatiwa katika asidi. Asidi inakula shaba pahali palipokwaruzwa tu. Ikikaa kidogo, mstari ni mwembamba. Ikikaa sana, mstari ni mzito. Baadaye nta inaondolewa, wino unaingia katika mistari, juu panapanguswa, na karatasi yenye unyevu inagandamizwa.

Hapa hamna rangi: ni mstari na weupe wa karatasi, basi. Mistari ikiachana, kuna mwanga. Ikisongamana na kupitana, kuna giza.

Rembrandt alijichora mwenyewe mara nyingi. Mwaka 1639 anaegemea ukuta mfupi wa mawe, amevaa nguo za fahari. Mistari ya nywele inazunguka na kutiririka. Ni mtu anayetaka kutazamwa. Mwaka 1642 mke wake Saskia alikufa. Mwaka 1648 anajichora tena, anafanya kazi karibu na dirisha, nguo za kawaida. Mistari ni mingi, imesongamana, na macho yanatutazama bila kujipendekeza. Ni mtu yule yule. Mstari umegeuka, kwani yeye amegeuka.

Balega, majirani wa Walikale, walishika njia nyingine. Vinyago vidogo vya bwami haviigi uso wa mtu fulani. Mikato michache inatosha, na mafundisho juu ya tabia yanatolewa na methali. Rembrandt hakuwa na methali ya kusaidia: mstari ulipaswa kusema peke yake.

Basi, mseminari yule alifuta nini? Alifuta miaka ya mzee ya kupanda na kushuka milima, jua na mvua. Mikunjo ile si aibu. Ni kazi yake iliyoandikwa usoni.

Lakini tujihadhari: mstari unatuambia yale ambayo mchoraji aliona, si hukumu ya moyo. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua kalamu, tumtazame mtu kwa saburi.